Kutoka kitambulisho hadi debeni: mwongozo wa kusajili wapiga kura mtaani kabla ya Agosti 2027

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Katiba, katika kifungu cha 101, imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo hakuna haja ya kungoja tangazo ndipo kazi ianze. Mwongozo huu ni wa vijana wa mtaa, chama cha akina mama, kikundi cha kanisa au msikiti, chama cha wahudumu wa bodaboda, au mtu yeyote anayetaka majirani zake wasajiliwe na siku ikifika wapige kura.

Kwenye uchaguzi wa 2022 daftari la wapiga kura lilikuwa na majina 22,120,458. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 65, kumaanisha zaidi ya watu milioni saba walikuwa wamesajiliwa na bado hawakupiga kura. Mwaka 2013 waliojitokeza walifika karibu asilimia 86. Kuna waliosusia kwa makusudi, na hiyo ni haki yao. Wengine wengi hukwama pahali padogo tu: kitambulisho kimepotea, kituo kiko kaunti nyingine, zamu ya kazi imeangukia siku ile. Hotuba barazani haiwakwamui hao. Wanaokwamuliwa ni wale waliofuatiliwa mmoja mmoja, na mtu anayejua kila mmoja amekwama wapi.

Kalenda kwanza

Weka tarehe mbili ukutani. Sheria ya Uchaguzi inafunga usajili siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, yaani takriban tarehe 11 Juni 2027. Aliyesajiliwa kwingine akitaka kuhamisha kura yake anatakiwa aijulishe IEBC, tume ya uchaguzi, siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi, yaani takriban tarehe 12 Mei 2027. Wewe usifanye kazi kwa tarehe hizo. Wanaohamisha kura washughulikiwe kufikia mwisho wa Machi na wanaosajiliwa kwa mara ya kwanza kufikia mwisho wa Aprili. Wiki za mwisho foleni huwa ndefu, mashine huzidiwa, na aliyerudishwa nyumbani mara moja kwa sababu ya stakabadhi huwa hana tena muda wa kurudi.

Usajili wenyewe huendelea mwaka mzima katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge, siku za kazi. Maeneo bunge ni 290, na ofisi nyingi ziko mjini, karibu na ofisi nyingine za serikali. Mbali na hayo, IEBC hutangaza vipindi vya usajili wa pamoja ambapo mashine huzungushwa katika wadi zote 1,450, siku chache kila kituo. Nenda ofisini uombe ratiba ya wadi yako mara tu kipindi kikitangazwa, kisha uibandike kwa duka, kwa kinyozi, stendi ya bodaboda na mlango wa zahanati. Ratiba iliyotumwa tu kwenye kundi la WhatsApp huzama chini ya salamu za asubuhi kabla ya saa tatu.

Orodha ya nyumba kwa nyumba

Gawa mtaa au kijiji kwa nyumba 15 hadi 20 kwa kila mhamasishaji. Zaidi ya hapo hataweza kurudi, na kurudi ndiyo kazi. Daftari lako liwe na jina la kwanza la mtu, nyumba, na herufi moja kati ya hizi:

A: hana kitambulisho cha kitaifa
B: ana kitambulisho, hajasajiliwa
C: amesajiliwa kwingine
D: amesajiliwa hapa

Namba ya kitambulisho usiiandike kabisa, wala usipige picha kitambulisho cha mtu. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi waligundua wameingizwa kwenye vyama vya siasa bila kuulizwa, na tangu hapo mtu akiombwa namba yake mlangoni hushtuka, tena ana haki ya kushtuka. Ukisema mapema, "Sitaki namba yako, nataka tu kujua kama umesajiliwa," mazungumzo hulainika. Wala usikubali kukaa na vitambulisho vya watu eti uwatunzie hadi siku ya kwenda: kushika stakabadhi za wapiga kura wengine kunaweza kukuingiza kwenye kesi ya jinai.

Anayeruhusiwa kusajiliwa ni raia wa Kenya aliyetimiza miaka 18, ambaye hajatangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na ambaye hakupatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Basi. Mwenye deni anasajiliwa. Mwenye kesi mahakamani anasajiliwa. Aliyetoka jela kwa kosa lisilo la uchaguzi anasajiliwa. Maswali haya matatu utayasikia sana, hasa kutoka kwa vijana wa kiume.

Kundi A: anza nao leo

Hili ndilo kundi gumu na ndilo linaloachwa hadi mwisho. IEBC inasajili kwa kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya pekee. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki, hata ikiwa na muhuri, hata chifu akikutetea. Kijana anayeomba kitambulisho kwa mara ya kwanza aende na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, apitie kwa chifu au naibu wa chifu, kisha afisi ya usajili wa watu au Huduma Centre. Wanaokwama hapa ni hasa hawa:

Ambao jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha shule. Hilo lisahihishwe kabla ya kwenda, maana afisa atamrudisha.

Ambao wazazi wamefariki au hawajulikani waliko. Chifu anayewajua ndiye njia. Mzee wa mtaa aandamane naye, maana kijana akienda peke yake huambiwa "rudi na mzazi" na hapo ndipo huishia.

Ambao kitambulisho kilitoka zamani na hakijachukuliwa. Uliza hili kwa kila mtu wa kundi A kabla ya jambo lingine lolote. Ofisi za machifu na za usajili huwa na masanduku ya vitambulisho vilivyokwisha kuchapishwa ambavyo wenyewe hawakurudi, na kuna mtu amekaa mwaka mzima akilalamika kumbe kadi yake iko kilomita mbili kutoka kwake. Kitambulisho hupelekwa pale kilipoombwa, kwa hivyo aliyekiombea kijijini asikitafute mjini.

Aliyepoteza kitambulisho baada ya kusajiliwa kupiga kura asisajiliwe upya. Aripoti polisi na kuomba kingine. Kitambulisho cha badala hubeba namba ileile na daftari litamtambua.

Kundi B: siku ya kusajiliwa

Watu watano au sita wakienda pamoja inatosha. Ukipeleka arobaini kwa siku moja kwenye mashine moja, nusu watarudi nyumbani na hutawaona tena. Kila mmoja awe na kitambulisho halisi, si nakala.

Kabla hajaondoka nyumbani, muulize swali moja: tarehe 10 Agosti utaamkia wapi? Mpiga kura husajiliwa kituo kimoja tu na siku ya kura hupigia hapo hapo, hata kura ya rais. Watu wengi wa mjini hujiandikisha kwao nyumbani kwa sababu za ukoo na mazoea, halafu Agosti ikifika nauli imepanda na bosi hajatoa ruhusa. Maoni yetu ni wazi: jiandikishe unapolala siku za kazi. Mwakilishi wa wadi (MCA) atakayeamua kuhusu mtaro unaofurika mlangoni pako ni wa hapo unapoishi, na gavana wa zahanati unayopeleka mtoto ni wa hapo. Asiyekubali usimlazimishe, lakini mwambie aanze kuweka nauli.

Mezani, karani hupokea kitambulisho, huingiza maelezo, hupiga picha ya uso na kuchukua alama za vidole. Vidole ndivyo huchelewesha. Fundi wa mawe, mkulima aliyetoka kupalilia, mama anayefua nguo za watu: ngozi ya ncha za vidole imesuguliwa hadi mistari haionekani, au imejaa saruji na udongo. Mashine inalia, karani anasema "bonyeza tena," foleni inaguna. Dawa ni rahisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo apake mafuta mazito mikononi, asubuhi anawe kwa sabuni ya kawaida, akaushe vizuri. Mikono iliyolowa jasho au mafuta mabichi inasumbua mashine kama ile iliyokauka. Akifika abonyeze taratibu bila kukandamiza, kwa sababu kukandamiza hufuta mistari.

Akimaliza hupewa karatasi ndogo ya kuthibitisha usajili. Asiondoke mezani kabla ya kusoma mambo manne: jina, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, kituo. Asiyejua kusoma, msomee. Kosa la tarakimu moja hurekebishwa hapo kwa dakika mbili. Likigunduliwa Agosti, mtu anaambiwa hayumo kwenye daftari. Kuhusu kituo, hakikisha ni kile anachokijua kwa macho, maana shule mbili za msingi zinaweza kufanana majina katika wadi moja. Karatasi hiyo akiipoteza baadaye asijali, haihitajiki siku ya kupiga kura.

Kundi C: wahamiaji

Aliyehama asisajiliwe upya. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai, na alama za vidole humtoa hadharani hata akitumia pasipoti mara ya pili. Anachohitaji ni kuhamisha: aende mwenyewe na kitambulisho hadi ofisi ya IEBC ya eneo analotaka kupigia kura, ajaze fomu ya uhamisho. Hawezi kumtuma mtu. Akikumbuka jina la kituo chake cha zamani kazi huwa nyepesi, ingawa namba ya kitambulisho pia hukionyesha.

Wengine watauliza kama waliosajiliwa mwaka 2012, 2017 au 2022 wanahitaji kuanza upya. Hawahitaji. Jina hubaki kwenye daftari.

Kundi D: thibitisha, usiamini tu

Mwenye hakika kwamba amesajiliwa ndiye hupuuza kuthibitisha. Kabla ya uchaguzi wa 2022 kuna wapiga kura waliojikuta wamehamishiwa vituo wasivyovijua bila kuomba. Sheria inaitaka IEBC ifungue daftari kwa siku 30 ili wananchi wathibitishe maelezo yao, na kipindi hicho huanza si chini ya siku 60 kabla ya kura. Tume hutangaza pia namna ya kuangalia kwa tovuti yake na kwa ujumbe wa simu. Mzunguko wako wa pili wa nyumba kwa nyumba uwe wiki hizo, na mwenye simu aangalie mwenyewe kwa mkono wake. Akikuta kosa, aende ofisini akiwa na kitambulisho, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Mlangoni useme nini

Maneno machache. Anza na jambo lililo karibu: maji, barabara, basari, soko. Bajeti ya hayo mengi iko kaunti, na kura za kaunti huamuliwa na idadi ndogo ya watu kuliko za rais.

Atakayesema "kura yangu haibadilishi kitu" usimpe somo la uzalendo. Mwaka 2022 wagombea wawili wa juu wa urais walitofautiana kwa kura 233,211, na waliosajiliwa wakabaki nyumbani walizidi milioni saba. Mpe hesabu hiyo, nyamaza. Atakayesema "wote ni wezi" mkumbushe kwamba karatasi za kura ni sita, kila moja ya kiti chake, na hakuna sheria inayomtaka awachague wa chama kimoja. Anayesema hapendi mgombea yeyote, mwambie kusajiliwa hakumlazimishi. Kunamwachia tu mlango wazi akibadili nia Julai.

Usibishane zaidi ya dakika tano. Weka alama kwenye daftari, rudi baada ya mwezi.

Mambo yatakayokuharibia kazi

Nguo za rangi za chama. Ukizivaa mara moja, nusu ya mtaa hautakufungulia tena.

Pesa, hata ya chai. Kumpa mpiga kura pesa au kitu ili apige kura, asipige, au ampigie fulani ni kosa, na anayepokea pia ana kosa. Mwanasiasa akijitolea "kuwasaidia na nauli ya vijana," mkatalie kwa adabu. Watu watembee, au wachangiane wao wenyewe.

Kuahidi usichokijua. Swali likikushinda, andika, uliza ofisi ya eneo bunge, urudi na jibu. Na kama kikundi chenu kinataka kufanya mafunzo rasmi ya uraia mashuleni au mabarazani, pitieni kwanza ofisi hiyo hiyo mjue utaratibu wa kuidhinishwa.

Wiki ya kura

Hapa orodha yako inageuka. Andika nani anafanya kazi ya zamu: walinzi, wauguzi, madereva, wapishi wa hoteli. Siku ya uchaguzi huwa mapumziko ya kitaifa kwa kawaida, lakini geti halijilindi. Wahimize wazungumze na wasimamizi wao wiki mbili kabla ili wabadilishane zamu, wengine wapige kura saa kumi na mbili asubuhi na wengine alasiri.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa ya kufunga anaruhusiwa kupiga kura, kwa hivyo asiondoke. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700; penye wengi zaidi hugawanywa kwa mikondo kulingana na majina. Kosa linalochosha watu kuliko yote ni kupanga foleni kwa muda wa saa mbili kwenye mkondo usio wako. Ukifika getini muulize kwanza karani, au soma orodha iliyobandikwa, ndipo ujipange. Wazee, wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu hupewa nafasi mbele. Wasione haya kuiomba.

Ndani, mpiga kura hutoa stakabadhi ile ile aliyosajiliwa nayo. Aliyetumia pasipoti aje na pasipoti. Mashine husoma kidole. Kikikataa, na kwa yule fundi wa mawe kinaweza kukataa tena, asitoke nje na kwenda nyumbani. Hapa ndipo kura nyingi hupotea bila mtu kumfukuza mwenyewe: anaona aibu, anainua kofia, anaondoka. Amwambie afisa msimamizi wa kituo amtafute kwa namba ya kitambulisho. Jina likipatikana, hujazwa Fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea, naye anapiga kura kama wengine. Mfundishe kila mtu kutaja fomu hiyo kwa jina.

Karatasi sita ni za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike wa kaunti, mbunge na MCA. Kila moja iwe na muhuri wa tume. Isiyo na muhuri hukataliwa wakati wa kuhesabu, kwa hivyo aiangalie kabla ya kwenda kibandani. Weka alama moja tu, ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja. Tiki, msalaba au alama ya kidole, vyote sawa. Usiandike jina lako wala ujumbe wowote, kwa sababu kinachomtambulisha mpiga kura huharibu kura. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, mrudishie afisa msimamizi akupe nyingine. Rangi ya karatasi ilingane na ya kifuniko cha sanduku. Usipige picha kura yako. Simu ibaki mfukoni.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa kuja na mtu mzima anayemwamini. Msaidizi huyo hujaza Fomu 32 ya kutunza siri, na anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu siku hiyo. Hili wahamasishaji hulisahau: huwezi kuwasaidia wazee watano wa mtaa wako, kila mzee apangiwe mjukuu wake. Aliyekuja peke yake husaidiwa na afisa msimamizi, mawakala wakishuhudia. Wakala wa mgombea haruhusiwi kumwandikia mtu.

Saa sita mchana pitia orodha yako, uone nani hajaenda, umpigie simu au umgongee mlango. Saa tisa rudia. Usimuulize amempigia nani.

Baada ya hapo waambie wote wavitunze vitambulisho vyao mahali salama. Mgombea urais asipopata zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24, kura hurudiwa kati ya wawili wa kwanza ndani ya siku 30, kwa daftari lile lile na kituo kile kile.